Atrozi ya goti: punje hazitibu, kusikilizwa kunasaidia

Ukitaka kujua hali ya magoti ya Bukavu, hapa mashariki mwa Kongo, simama asubuhi kwenye mojawapo ya ngazi za udongo zinazoshuka kutoka Kadutu, uwatazame akina mama wa makamo. Wengi hawashuki wakiwa wameelekea mbele. Wanageuka ubavu, mkono mmoja ukutani, mguu unaouma unatangulia chini, ule mzima unabaki juu kushika uzito, wanavuta pumzi, kisha ngazi inayofuata. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha hivyo. Mji wetu umekaa juu ya vilima, na sehemu kubwa ya mizigo yake, makaa, ndizi, magunia ya mihogo yanayoshushwa na mitumbwi pale Muhanzi, inapanda kwa migongo ya wanawake.

Kwa hiyo sishangai kuona mirija midogo ya punje tamu kutoka Ulaya ikipokewa kwa shangwe. Ndugu aliye Bruxelles au Paris humkabidhi mtu anayerudi nyumbani, pamoja na viatu na simu, na ujumbe wa sauti hufuata kwenye WhatsApp: hii ni homeopathi, haichomi tumbo kama vidonge vya maumivu vya diklofenaki, na huku daktari anakaa na kila mgonjwa saa nzima ili amchagulie dawa yake mwenyewe, si dawa ya kila mtu.

Nimeulizwa mara nyingi kama punje hizo zinatibu atrozi ya goti. Hazitibu. Lakini sitaki kuishia hapo, kwa sababu ndani ya ujumbe ule wa sauti kuna jambo moja la kweli, nalo ni ile saa nzima. Tafiti nilizozisoma zinanionyesha kwamba nafuu wanayoipata wagonjwa wa homeopathi inatokana na kukaa na kusikilizwa, na hilo ndilo hasa wagonjwa wa magoti wa hapa kwetu wananyimwa.

Tuanze na ugonjwa. Atrozi ni kuchakaa kwa kiungo kizima: gegedu linalofunika ncha za mifupa linapungua, mfupa wenyewe unaota vinundu, utando wa ndani unavimba, misuli ya paja inanyong'onyea kwa sababu mtu anaogopa kuutumia mguu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi na atrozi, na milioni 365 kati yao ilikuwa ya goti. Karibu asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake. Hadi leo hakuna dawa, ya kizungu wala ya kienyeji, inayolirudisha gegedu lililokwisha. Na kuna tabia moja ya ugonjwa huu ambayo naomba msomaji aishike, maana tutaihitaji mbele: maumivu yake hupanda na kushuka. Wiki mbaya hufuatwa na wiki afadhali hata kama mgonjwa hakumeza kitu.

Homeopathi yenyewe ilizaliwa kutokana na mti ambao watu wa Kivu wanaufahamu kuliko wengi duniani. Mwaka 1790 daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, alikuwa akijipatia riziki kwa kutafsiri vitabu vya tiba. Katika kitabu kimoja akakuta maelezo ya jinsi gome la mti wa kinkina linavyotibu homa ya vipindi, yaani malaria, hakuridhika nayo, akaamua kulila gome lenyewe akiwa mzima. Akahisi baridi, moyo ukaenda mbio, viungo vikalegea, akaona zinafanana na dalili za homa ile ile. Hapo ndipo alipopata kanuni yake kwamba kinachomletea mtu mzima dalili fulani kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Aliitangaza kwa maandishi mwaka 1796, na mwaka 1810 akaijengea kitabu kizima.

Bukavu haihitaji kuhubiriwa habari za kinkina. Mashamba yake yalipandwa kwenye milima yetu tangu enzi za Wabelgiji, na kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikikamua kwinini kutoka kwenye gome lake hapa hapa mjini. Tunajua pia kile ambacho Hahnemann hangeweza kukijua. Kwinini ilitengwa kutoka kwenye gome mwaka 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou. Kijidudu cha malaria kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, na Laveran, akiwa Algeria. Kwinini inatibu malaria kwa sababu inakiua kijidudu hicho, si kwa sababu inaiga homa. Nayo hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mgonjwa. Muuguzi yeyote wa Ibanda au Bagira anajua kwamba ukipunguza dozi, ugonjwa unabaki, na ukipunguza mno, unamzika mtoto.

Hahnemann alikwenda njia ya kinyume. Alishikilia kwamba dawa ikizimuliwa na kutikiswa hatua kwa hatua, nguvu yake inazidi. Simcheki. Madaktari wa wakati wake walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu kwa mabakuli na kuwalisha zebaki, na mtu aliyeponyoka mikononi mwao akapewa maji matupu alikuwa amepata bahati kubwa. Lakini hesabu ni hesabu. Kwenye mirija inayotufikia utaona maandishi kama 9CH, 15CH au 30CH. Kila C ni kuzimua sehemu moja katika sehemu 100. Ukidondosha tone moja la dawa katika Ziwa Kivu, lenye maji ya kilomita za ujazo zipatazo 500, ukalikoroga lote kuanzia Bukavu hadi Goma, utakachochota bado ni kikali kuliko 10C. Ya 30C imepita hapo kwa hatua 20 zaidi, kila hatua ikigawa kwa 100. Kikemia, ukishavuka 12C matarajio ya kukuta hata chembe moja ya dawa ya mwanzo yamekwisha. Kinachobaki kwenye punje ni sukari.

Watetezi wa homeopathi wana jibu, na linastahili kusikilizwa kwa makini. Wanasema tafiti nyingi zilikosea kwa kuwapa wagonjwa wote dawa moja, ilhali homeopathi halisi humtazama mtu mmoja mmoja. Wanawake wawili wenye picha ya goti inayofanana wanaweza kuondoka na dawa mbili tofauti. Anayeumia hatua za kwanza asubuhi kisha akalegea akishatembea, na ambaye mvua na baridi humzidishia, hupewa Rhus toxicodendron, inayotokana na mmea wa Amerika Kaskazini unaowasha ngozi vibaya. Anayeumia kila akijongea, anayetaka aachwe alale kimya, hupewa Bryonia. Mnene, mwenye kuhisi baridi na kutoka jasho kichwani akilala, huenda akapewa Calcarea carbonica, ya ganda la chaza. Ili kufika hapo tabibu anauliza kuhusu usingizi, chakula, hasira, huzuni, kifo cha mume, hofu ya radi.

Haya, na njia hiyo ya mtu mmoja mmoja imejaribiwa kwenye goti. Kati ya Januari na Oktoba 2014, huko West Bengal nchini India, watafiti waliwachukua wagonjwa 60 wa atrozi ya goti waliokuwa kwenye kipindi cha maumivu makali. Mahali penyewe palikuwa hospitali ya chuo cha homeopathi, Mahesh Bhattacharyya, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jaribio lilifanywa na maadui. Kila mgonjwa alihojiwa na kuchaguliwa dawa yake kama kanuni inavyotaka. Kisha kwa kura, 30 wakapata dawa waliyochaguliwa na 30 wakapata punje tupu zinazofanana nazo, na si mgonjwa wala tabibu aliyejua nani kapata nini. Baada ya wiki 2 walipima maumivu, ugumu wa kiungo na uwezo wa kufanya kazi.

Makundi yote mawili yalipata nafuu ya kweli. Waliomeza punje tupu walipata nafuu, waliomeza dawa walipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya kuhesabika. Watafiti waliandika wazi kwamba homeopathi haikuonekana kuishinda punje tupu. Ni jaribio dogo na fupi, lilikuwa la majaribio ya awali, na wenyewe walisema kubwa zaidi linaweza kufanywa. Nakubali. Ila mtu anayeniuzia dawa ndiye mwenye deni la kunionyesha kwamba inafanya kazi. Na jaribio hili halisimami peke yake: mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu magonjwa mengi, likahitimisha kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathi inautibu.

Mimi lakini jicho langu linabaki kwa wale 30 wa punje tupu. Kwa nini walipona kidogo? Sehemu ya kwanza ni ile tabia ya ugonjwa niliyoitaja: mtu huenda kwa daktari siku goti limewaka kupita kiasi, na baada ya siku hiyo njia inayobaki kwa kawaida ni ya kushuka. Sehemu ya pili ni matarajio. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya majaribio ya atrozi karibu 200 ulionyesha kwamba wagonjwa waliopewa dawa tupu hupata nafuu kubwa kuliko wale wasiopewa chochote. Maumivu yanapikwa na goti lakini yanapakuliwa na ubongo, na ubongo ulio na matumaini hupakua kidogo. Kumwambia mgonjwa kama huyo kwamba alidanganyika ni kosa. Aliumwa kweli na akapata nafuu kweli. Ni sababu ya nafuu ndiyo aliyoambiwa vibaya.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 2011 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichapisha jaribio la wagonjwa 83 wa baridi yabisi. Huo si ugonjwa wa kuchakaa kama atrozi. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo. Nausema wazi ili mtu asichanganye. Watafiti hawa walifanya jambo la akili: walitenganisha mazungumzo na dawa. Wagonjwa waliendelea na matibabu yao ya kawaida, na juu yake baadhi walipata vikao kamili vya homeopathi na wengine hawakupata, kisha ndani ya kila upande wengine walipewa dawa na wengine vitu vitupu. Waliopata vikao walifaidika. Dawa haikuongeza kitu. Mtu mwenye viungo vinavyouma alipata ahueni kwa sababu mwingine alikaa naye, akamuuliza maisha yake, akarudi kumuuliza tena.

Kabla daktari wa kizungu hajajipiga kifua, nimkumbushe yaliyotokea Houston, Marekani. Kwa miaka mingi madaktari wa mifupa waliingiza kamera kwenye magoti yenye atrozi, wakasafisha na kukwangua, na wagonjwa wakarudi kushukuru. Mwaka 2002 timu ya daktari Moseley wa huko ikachapisha jaribio la wagonjwa 180. Baadhi walifanyiwa upasuaji huo kamili, wengine walilazwa, wakachanjwa ngozi tu na kushonwa, wasijue. Kwa miaka 2 wale waliochanjwa ngozi tu hawakuwa nyuma ya wenzao. Leo miongozo ya kimataifa inashauri upasuaji ule usifanywe kwa atrozi. Ndiyo sababu nasimama upande wa tiba inayojipima: ilijipeleka yenyewe mahakamani, ikashindwa, na matokeo yakachapishwa.

Sasa turudi nyumbani. Shangazi yangu, muuzaji wa samaki aliyezoea kubeba beseni lake kutoka ziwani, alipeleka magoti yake kwenye kituo kimoja cha afya hapa mjini. Alisubiri tangu asubuhi. Ndani alikaa muda usiotosha kuvua kitenge. Goti halikushikwa. Alichomwa sindano, akaandikiwa diklofenaki, na alipouliza ugonjwa wake ni nini akajibiwa: «Ile ni buzee tu, mama. Uende upumzike.» Hakuulizwa anabeba nini, anashuka ngazi ngapi, anaishi na nani, tumbo lake likoje, presha yake ikoje. Ana vidonda vya tumbo tangu zamani; vidonge vile vilimchoma siku ya pili akaviacha. Mwezi uliofuata mtu alipomletea mrija wa punje na kumpigia simu kumuuliza analalaje, nani angemlaumu kwa kuziamini?

Simlaumu muuguzi peke yake. Ana foleni mlangoni, mshahara usiofika, na tangu mabenki yafungwe mwanzoni mwa 2025 hata mgonjwa mwenyewe anahesabu faranga za kila kidonge. Lakini tuangalie saa moja ingefanya nini kama ingepewa goti badala ya punje.

Ingeanza na maswali yale yale ya mtaalamu wa homeopathi, ila majibu yangepelekwa kwenye kazi. Goti linakaza asubuhi chini ya nusu saa kisha linalegea? Hiyo ni sura ya kawaida ya atrozi, na dawa yake ya kwanza ni mwendo. Kupumzika kabisa, ushauri tunaoupenda sana, huinyong'onyeza misuli ya paja na kuliacha goti bila mlinzi. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila kutumia mikono, mara 10. Kunyoosha mguu ukiwa umekaa, kuushikilia, kuushusha polepole. Kupanda kidaraja kimoja na kushuka. Denmark ina mpango uitwao GLA:D, ulioanza mwaka 2013: vikao vichache vya mafundisho na vikao 12 vya mazoezi kwa wiki 6, vikiongozwa na wataalamu wa kine, yaani tiba ya mazoezi. Hakuna mashine ndani yake. Goti litauma kidogo mwanzoni, na mgonjwa asipoambiwa hilo mapema ataacha siku ya tatu, ndiyo maana mazungumzo ni sehemu ya dawa.

Uzito nao. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo anayopunguza mtu mnene inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Kwa mama wa ofisini anayeketi kutwa hiyo ni habari njema. Lakini mbeba mizigo wa Muhanzi ni mwembamba, na kumwambia apunguze uzito ni kumtukana. Kilo zake ziko kwenye kamba iliyopita kwenye paji la uso. Huyu anahitaji kuulizwa kama gunia linaweza kugawanywa safari mbili, kama binti anaweza kubeba kwenye mteremko mkali, kama kuna kazi ya kuuza akiwa ameketi. Hapo ndipo tiba ya mtu mmoja mmoja ina maana.

Na mkongojo! Karibu kila ninayemwona anaushika upande wa goti bovu. Unashikwa mkono wa upande wa pili, unakwenda mbele pamoja na mguu unaouma, na urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima. Kumwonyesha mtu hilo ni kazi ya dakika 5.

Dawa zina nafasi yake. Jeli ya diklofenaki ya kupaka juu ya goti husaidia wengi bila kupita tumboni kwa wingi. Vidonge na sindano vitumike kwa muda mfupi, na visitolewe bila kuuliza habari za vidonda vya tumbo, figo na presha.

Punje za sukari zenyewe hazitamdhuru mtu. Hatari iko pembeni yake. Goti lililovimba ghafla, jekundu, la moto, mgonjwa ana homa: hiyo inaweza kuwa maambukizi yanayokula kiungo kwa siku chache, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Goti moja linalovimba taratibu kwa miezi, mtu anakonda na kutoka jasho usiku, achunguzwe kifua kikuu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya homeopathi isitumiwe kutibu malaria, kifua kikuu, Ukimwi na kuhara kwa watoto. Katika mji kama wetu onyo hilo lisisahaulike, maana anayeanza na goti huishia kumpa mtoto mwenye homa. Hatari ya pili ni vidonge vya «asili» vya viungo vinavyotibu haraka mno. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu kuhusu bidhaa za namna hiyo zilizokutwa na dawa kali za hospitali, deksamethazoni na diklofenaki, zisizoandikwa kwenye lebo. Ukipona kwa siku 2 kwa kidonge kisichojulikana, uliza ndani kuna nini.

Nitaambiwa: mbona Ufaransa serikali inalipia? Ililipia. Mamlaka yao ya afya ilitoa maoni ya kupinga mwaka 2019, na tangu tarehe 1 Januari 2021 bima ya taifa hailipi tena hata senti. India kwa upande wake ina wizara nzima inayosimamia homeopathi pamoja na tiba za jadi, lakini wizara haipunguzi maumivu ya goti, na jaribio lililofanywa huko huko West Bengal nimeshalieleza.

Ninachokidai kinaweza kuanza hapa. Bukavu ina vyuo vikuu vyenye vitivo vya tiba, na wanafunzi wanaotafuta mada za kumalizia masomo kila mwaka. Wachukue wagonjwa wa atrozi ya goti kwenye vituo viwili vya Kadutu. Kwa kura, nusu wapate huduma ya sasa, na nusu wapate muuguzi aliyefunzwa: dakika 45 za mazungumzo, mazoezi ya wiki 6, mkongojo uliopimwa, na kuulizwa tena kila wiki. Wasipime picha ya mionzi, wapime kile mama mwenyewe anachokijali, kushuka ngazi akiwa ameelekea mbele, kuinuka baada ya sala, kulala usiku bila kuamshwa na goti. Apimaye asijue nani yuko kundi gani. Warudie baada ya miezi 6, na matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya. Vitu vya kununua ni viti, mikongojo, na muda wa muuguzi mmoja.